Mji Mkongwe au Ng'ambo: wapi pa kutembea jioni ukiwa peke yako

Anayeishi mjini Unguja na akapenda kutembea jioni peke yake, bila shughuli wala pa kufikia, ana miji miwili ya kuchagua, na kinachoitenga ni barabara moja tu. Upande wa bahari upo Mji Mkongwe. Upande wa pili ipo Ng'ambo. Katikati inapita Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, kwa sababu zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari uliojaa na kupwa, ukafukiwa kidogo kidogo hadi katikati ya karne iliyopita. Darajani palikuwa na daraja kweli. Siku hizi unavuka kwa miguu mikavu, ukingoja tu daladala na bodaboda zipite, lakini matembezi ya upande huu na ya upande ule hayafanani, na mtu akikosea kuchagua anarudi nyumbani na kichwa kilekile alichotoka nacho.

Wageni wanaelekezwa Mji Mkongwe, na hata wenyeji wengi wakitaka kupunga upepo wanashuka Forodhani bila kujiuliza. Mie nimekulia Ng'ambo na kazi yangu iko Mji Mkongwe, kwa hiyo pande zote mbili nazitembea, na naona Ng'ambo inanyimwa haki yake. Kila anayeniuliza aende wapi, namuuliza kwanza: umetoka nyumbani na jambo unalotaka kulipima, au umetoka ili ulisahau? Jibu lake ndilo linaloamua, kuliko uzuri wa majengo.

Njia

Mji Mkongwe ni mdogo. Eneo lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 ni hekta 96 tu, na limekaa kwenye rasi: ukienda sana unatokea baharini, ukirudi sana unatokea Barabara ya Mkapa. Kwa mtu asiye na safari maalumu hii ni neema, maana hana haja ya kukariri njia. Ingia Mkunazini, pale kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa lilipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873, kisha iachie miguu. Labda utatokea Sokomuhogo. Labda Hamamni, kwenye bafu alizojenga Sultani Sayyid Barghash. Labda utazunguka Kajificheni na kurudi palepale ulipoanzia, usitambue mpaka uuone mlango uleule wenye misumari ya shaba.

Vichochoro havinyooki. Hatua chache mbele yako ipo kona, na kona inaficha kila kitu. Basi kila mara unaamua: kulia au kushoto, penye taa au penye giza, panapotoka harufu ya udi au panaposikika watoto wa chuoni wakisoma kwa sauti moja. Akili inashughulika na maamuzi haya madogo, na yale makubwa uliyotoka nayo nyumbani yanakaa kando. Nyumba ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa zimekubana pande mbili. Juu unaona ukanda mwembamba wa mbingu uliokatwakatwa na nyaya za umeme, chini unaangalia usikanyage maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi cha dirisha la mtu. Vespa ikija inabidi ujibanze ukutani hadi ipite, uvute moshi wake, ndipo uendelee. Huwezi kuwaza deni wala ugomvi wa ukweni huku umejibanza ukutani.

Ng'ambo ni kinyume chake. Chukua barabara ya Michenzani. Majumba yale, yaliyoanza kujengwa zama za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yanakwenda mamia ya mita bila kukatika, na barabara iliyopita kati yao imenyooka kabisa. Unauona mwisho wake tangu mwanzo. Wapiga picha hawapapendi. Mie napapenda kwa sababu hiyohiyo: miguu ikishaijua njia, macho hayana kazi, na akili inapata nafasi ya kukaa na jambo moja kwa muda mrefu. Mambo yangu mengi mazito nimeyapima kati ya Kisiwandui na Rahaleo, nikienda na kurudi, kanga zikipepea kwenye vibaraza vya ghorofani na watoto wakicheza mpira chini.

Ng'ambo si Michenzani peke yake. Nyuma ya majumba ile Ng'ambo ya zamani bado ipo: Mwembetanga, Kisima Majongoo, Miembeni, Mwembeladu. Nyumba za chini zenye mabati yaliyoshika kutu, baraza mbele, ua nyuma, mchanga njiani. Huku nako vichochoro vipo, na vingine vimejikunja kama vya mjini, lakini ukipotea unanyanyua kichwa tu, unaliona jumba la Michenzani au mnara uliojengwa pale kwenye mzunguko kwa kuadhimisha miaka 50 ya Mapinduzi, na unajua uko wapi. Ndani ya Mji Mkongwe alama hizo huzioni. Minara miwili ya kanisa la Katoliki inakuonesha njia ukiwa juu ya paa. Ukiwa chini imefichwa na kuta.

Na urefu nao uutazame. Mji Mkongwe, kwa mwendo wa pole, saa moja ikipita utaanza kukanyaga ulipokwisha kukanyaga. Ng'ambo haiishi. Kutoka Mwembeladu unaweza kuendelea hadi Amani uwanjani, na ukipenda upitilize. Mwenye hamu ya kutembea saa mbili na zaidi asijisumbue kuvuka barabara.

Watu na salamu

Hapa ndipo tofauti ilipo hasa.

Ng'ambo hupiti bila kusalimia. Baada ya alasiri baraza zimejaa: wazee wa kahawa, vijana wa keram, watu wa dhumna wanaopiga kete mezani kwa nguvu hadi vikombe vikaruka. Unasema assalaam alaykum, unajibiwa na watu watano kwa pamoja. Kama upo mtu mzima unamwamkia shikamoo. Halafu linakuja swali: "Wapi saa hizi?" Unajibu, "Natembea tu." Wakiwa wanakula utaambiwa karibu, nawe utasema starehe, na safari inaendelea. Kupita Ng'ambo bila kusema na mtu haiwezekani, na ukijaribu utaonekana una kisirani au una msiba.

Wengi wanadhani jambo hili linaua upweke mtu anaoutafuta. Mie sioni hivyo. Salamu ni nyepesi, inapita kwenye ulimi, na ukishaitoa unaachwa. Tena ina faida: watu wanajua umepita, na wamekuona unaelekea wapi. Niliwahi kuangusha pochi Miembeni, na kabla sijafika nyumbani ilikuwa imeshatangulia, imebebwa na mtoto aliyetumwa na baraza moja, akaelekezwa na baraza ya pili, kwa sababu kila mmoja alijua binti wa nani kapita na nyumba yao ni ipi.

Mji Mkongwe zamani nao ulikuwa hivyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, serikali ikazitwaa, zikaingia familia nyingine, na utalii uliposhika kasi nyumba nyingi zikageuka hoteli na maduka. Jioni ukipita Shangani au Hurumzi, wanaokaa barazani ni walinzi wa mahoteli, wauza vinyago wanaofunga maduka yao, na papasi wanaotafuta wageni. Ukiwa umevaa buibui au kanzu, papasi hawana haja nawe. Macho yao yanakupita kumtafuta mzungu aliye nyuma yako. Hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Mitaa ya ndani bado ina wenyewe, hasa Malindi, Kiponda na Sokomuhogo, na huko salamu ipo, ila ni fupi na haidai maelezo.

Kuna wakati kutoulizwa ni dawa. Nilipofiwa na mama, siku za mwanzo sikuweza kutembea Ng'ambo. Kila baraza ilinipa pole, na kila pole ilinirudisha kaburini. Nikawa navuka Darajani magharibi ikikaribia, naingia Kiponda, nazunguka humo mpaka isha, simjui mtu wala sijulikani, najibanza vespa zipite, naendelea. Ule mji ulinistiri. Baadaye hali ikageuka. Nilianza kuona uzito wa kuwa mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kumuona mama, nikarudi kwenye mitaa yetu, kwa wale kina bibi wa Kisima Majongoo ambao hawawezi kuniona bila kunieleza kitu alichowahi kukisema. Kwa hiyo mtu mwenye talaka changa, aliyeachishwa kazi, au ambaye habari zake ziko midomoni mwa watu, namwambia aanze Mji Mkongwe bila kusita. Na namwambia pia asikae huko muda mrefu mno.

Kwa anayependa kusikia siasa akipita, pande zote mbili zina pahala pake. Mji Mkongwe ipo Jaws Corner, kijiwe cha kahawa kilichojulikana miaka mingi kwa watu wa upinzani. Ng'ambo ipo maskani ya Kisonge, pale Michenzani, ya watu wa CCM, na ubao wake wa kuandikia. Kipindi cha uchaguzi kote kuwili pita tu, usisimame.

Mwanga na giza

Kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro kidogo, mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Mji Mkongwe giza linaingia mapema zaidi, maana kuta zinaukata mwanga kabla jua halijafika majini. Barabara kubwa za Ng'ambo zina taa, na pasipo na taa ipo balbu ya mtu anayeuza kitu mlangoni. Mji Mkongwe taa zipo kwenye njia za wageni. Ukiacha barabara ya Gizenga au ya Kenyatta ukaingia ndani, unaweza kupita vichochoro kadhaa vyenye giza totoro, kisha ghafla kibaraza cha hoteli kinachowaka kama harusi.

Nakumbuka ule mwaka umeme ulipokatika kisiwani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mji Mkongwe haukutembeleka. Kila mlango wa duka ulikuwa na jenereta yake, sauti inagonga ukuta huu na ule, moshi hauna pa kutokea. Ng'ambo joto liliwatoa watu wote nje; kandili na mishumaa barazani, mikeka imetandikwa njiani, na unatembea katikati ya minong'ono. Tangu hapo umeme ukikatika jioni sivuki barabara.

Kuhusu wezi, nitasema wazi. Katika barabara pana hatari ni pikipiki inayokwapua simu au mkoba. Tembea upande wa ndani na simu isiwe mkononi. Kwenye vichochoro hatari ni yule anayekufuata kwa miguu. Ukihisi hivyo usigeuke wala usikimbie, elekea penye duka au mlango wa msikiti. Ufukwe wa Shangani baada ya isha, watu wakishaondoka, si pa mtu mmoja. Na uwanja wa Mnazi Mmoja usiukate katikati usiku. Zunguka kwa barabarani.

Ukiwa mwanamke

Wanaume wanaoandika habari za matembezi jambo hili wanaliruka, nami siwezi kuliruka. Mwanaume akitembea peke yake jioni anapunga upepo. Mwanamke akitembea peke yake jioni anatakiwa awe anatoka mahali au anakwenda mahali. Ndiyo maana wengi wetu hubeba kikapu kidogo au bakuli lenye mfuniko: tunaonekana tumetumwa, na hakuna anayetuuliza zaidi.

Ng'ambo kikapu kinasaidia mwanzoni. Baada ya muda watu wanakuzoea, wanajua fulani ana tabia ya kutembea, na swali linageuka salamu. Lakini ujue kwamba habari itafika nyumbani kabla yako, na kama nyumbani kuna mtu ambaye hapendi, Ng'ambo itakutia maneno. Mji Mkongwe hakuna wa kupeleka habari, ila pia hakuna wa kukutetea. Kijana akikusemesha ovyo Mwembetanga, atakaripiwa na mzee aliyekaa mlango wa tatu, tena kwa jina la baba yake. Akikusemesha ovyo kwenye kichochoro cha Baghani, ni wewe na yeye.

Ushauri wangu kwa mdogo wangu ni huu: kabla ya magharibi nenda popote, kati ya magharibi na isha kaa Ng'ambo au Forodhani penye familia, baada ya isha tembea mtaa unaojulikana wewe mtoto wa nani. Si haki kwamba tupangiwe saa, na nasema hivyo kwa uchungu, lakini anayetoka leo jioni anahitaji ushauri wa mji ulivyo leo.

Cha kuweka mdomoni

Matembezi marefu yanataka kusimama mahali. Forodhani inajulikana: bustani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan mwaka 2009, na kila jioni wapishi wanawasha taa zao, mishkaki, pweza, ngisi, muwa unasagwa kwa ndimu na tangawizi, chapati ya mayai ambayo wageni wanaiita pizza. Panapendeza, sikatai. Lakini kwa mtu mmoja pana kelele ya kuitwa, na ukiwa peke yako unakula umesimama huku umezungukwa na makundi. Bei nazo uliza kwanza.

Linganisha na urojo wa mlangoni, Ng'ambo. Mama ameweka meza ndogo chini ya balbu, sufuria kubwa ya mchuzi wa manjano wenye embe mbichi, inatoa moshi kidogo. Anachukua bakuli, anakatia viazi, anatia bajia mbili, kachori, kipande cha mshikaki kama umetaka, anamwaga mchuzi, anapitisha kijiko cha chatini ya nazi, kijiko cha pilipili, halafu anamalizia kwa gao la chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba, ambazo lazima uzile haraka kabla hazijalowa. Unakalishwa kwenye benchi la mbao pamoja na watoto wawili waliotumwa na ndoo ndogo. Hakuna anayeona ajabu kwamba umekuja peke yako, kwa kuwa urojo kila mtu anakula na bakuli lake. Ukimaliza unarudisha bakuli, unalipa, unaondoka. Kwa mtembezi wa peke yake sijaona mlo unaofaa zaidi ya huu.

Kahawa ipo pande zote, na kwenye kahawa Mji Mkongwe unashinda. Kahawa chungu ya kikombe kidogo na kipande cha kashata, umekaa kwenye baraza ya mawe ambayo ukuta wake bado una joto la mchana, ni starehe ambayo benchi la Ng'ambo halina. Ila baraza hizo za kahawa ni za wanaume. Mie nanunua halua Darajani nakwenda nayo nyumbani.

Bahari

Hapa hakuna mashindano. Bahari iko Mji Mkongwe, na Ng'ambo haina. Kutoka Malindi bandarini hadi Forodhani kwa njia ya Mizingani unapata upepo, unapita Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake ilianguka Disemba 2020, na unafika pale vijana wanaporuka makachu kutoka ukutani. Wanaruka maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo utazame mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa alasiri na magharibi yameshaanza kutoka. Toka mapema siku hizo.

Anayetaka bahari tu hana haja ya kulinganisha. Ila njia hiyo ni fupi, na watu wake ni wengi, na nadhani wengi wanaosema wanapenda kutembea Mji Mkongwe kwa kweli wanapenda kukaa Forodhani. Ni jambo zuri, lakini si matembezi.

Msimu

Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto la usiku linakaa kwenye kuta za mawe na vichochoro vya ndani vinakuwa vizito. Ng'ambo barabara pana inapitisha hewa. Kusi ikivuma, Juni na Julai, Mji Mkongwe unatembeleka vizuri kwa ubaridi, lakini ndio wageni wamejaa, na Gizenga unatembea kwa kupishana mabega.

Masika hugeuza mambo. Aprili na Mei wageni ni wachache, mahoteli mengine hufungwa, na mvua ikikatika jioni Mji Mkongwe unabaki kwa wenyewe na paka. Chokaa iliyolowa ina harufu yake, matone yanaanguka kutoka kwenye roshani za mbao, na unaweza kutoka Vuga hadi Malindi ukasikia viatu vyako tu. Ng'ambo wakati huo baadhi ya mitaa ya chini hujaa maji na njia za mchanga zinakuwa tope. Kwa miezi hiyo miwili naiacha Ng'ambo bila majuto.

Ramadhani ni ya Ng'ambo yote. Baada ya tarawehe mitaa inaamka, maduka ya Mlandege yanawaka hadi usiku mwingi, watu wananunua nguo za Sikukuu, na kutembea peke yako katikati ya watu wenye furaha ni upweke mtamu kuliko wote ninaoujua. Hata mwanamke mwezi huo haulizwi sana. Kabla ya kufuturu, kwenye ile nusu saa ambayo kila mtu ameingia ndani, pande zote mbili ni kimya, na hapo chagua iliyo karibu na kwenu.

Kwa aliye Pemba

Aliye Chake au Wete atasema miji yake haina mambo haya, na ni kweli kwamba chaguo ni jepesi zaidi. Chake imekaa juu ya vilima. Unapanda, unateremka, na ukishuka upande wa Tibirinzi unaona hori na mikoko. Miguu inafanya kazi, jasho linatoka. Wete ina barabara yake ndefu inayoteremka hadi bandarini, na ni hiyo ninayomshauri mtu mwenye fikra nyingi: unashuka na jambo lako hadi majini, unapanda nalo. Maduka yanafunga mapema na giza la Pemba ni giza kweli, kwa hiyo tochi iwe mfukoni. Msimu wa karafuu harufu ya zile zilizoanikwa mchana inabaki hewani hadi usiku, na hiyo Unguja mjini haipo popote.

Ningekuwa wewe

Ukiwa na jambo la kuamua, ukiwa na muda, ukiwa na njaa, au ukiwa mwanamke na giza limeingia, nenda Ng'ambo. Ukitaka kusahau, ukiwa na fedheha au msiba mchanga, ukiwa umechoka kuulizwa, au ni masika, vuka uingie Mji Mkongwe.

Asiyejua ametoka na lipi, aanzie Mnazi Mmoja baada ya alasiri, akiwa na jumba la makumbusho la Beit el Amani mgongoni. Apande Kikwajuni, atokee Michenzani, anyooke na majumba hadi Rahaleo, pale palipokuwa na redio na ndipo viongozi wa Mapinduzi walipokaa Januari 1964. Arudi kwa Mwembetanga ale urojo, kisha akate Mlandege hadi Darajani. Akifika hapo magharibi itakuwa inaadhiniwa, na atakuwa amesimama kwenye barabara yenyewe. Kama kichwa bado kizito, ng'ambo ya pili ya barabara ipo njia ya kuingilia Mkunazini.